Mirathi ya Mto

Paukwa!
Pakawa!
Mto una nini?
Una mwenyewe!

Itikieni kwa kifua, si kwa pua. Na huyo aliyekalia kigoda changu nilipotoka nje, nimemwona. Tutaongea. Nasimulia nimesimama.

Hapo kale, katika nchi ya jua kali, kulikuwa na Mto akipita kati ya mawe meusi. Mwaka mmoja maji yakapungua, yakawa vidimbwi, yakakauka. Ukabaki mchanga tu, mweupe, laini, mpana kama uwanja.

Fisi akaukanyaga, akaupenda. Akatangaza, "Mto amekufa."

Basi wakaweka matanga. Wakalia siku tatu, wakala siku saba, na arobaini ilipotimia Fisi akasimama kugawa mirathi. Mchanga wa kati wake yeye, maana ndiye aliyelia kuliko wote. Mchanga wa juu wa Ngiri. Mchanga wa chini, penye kivuli cha mgunga, akapewa mama yake Punda, ajuza asiyeona, apumzishe magoti yake. Wote wakajenga.

Punda mwenyewe alikuwa milimani, akibeba chumvi. Aliporudi akamkuta mama yake amekaa kooni mwa Mto, anatabasamu. Punda akafura.

"Maiti iko wapi?"

Fisi akasema imekauka.

"Nani aliiosha?"

Ngiri akasema haikuoshwa, maji yalikuwa hayapo.

"Na kaburi je?"

Wakatazamana. Fisi akakohoa. "Shemeji, tumelikalia."

Punda akawaambia Mto hakufa, kasafiri. Huko milimani alikotoka yeye, ameyaacha mawingu yamelala juu ya mawe, meusi, mazito, yanakaribia kuzaa. Fisi akainua kichwa. Ngiri akainua kichwa. Wakaona bluu tupu, wakacheka. Ngiri akasema huyu ana wivu, kakosa fungu. Hilo ndilo lililomuudhi Punda kupita yote: kila mmoja alitafuta mvua juu ya paa lake, na Mto huja kwa mvua ya watu wengine.

Siku ya tatu, adhuhuri, jua linachoma, Punda akahisi ardhi inanguruma kwatoni. Ndege wakanyamaza. Upepo wa baridi ukashuka na harufu ya udongo uliolowa. Akapiga kelele hadi sauti ikapasuka, kisha akamkimbilia mama yake.

"Mama, toka."

"Ngoja nichukue mkeka wangu." Akauchukua.

"Mama, toka."

"Ngoja nichukue kibuyu changu." Akakipapasa, akakichukua.

"Mama, toka."

"Ngoja nifunge mlango."

"Umfungie nani, Mama? Anayekuja ndiye mwenye mlango."

Punda akamng'ata sikio, akamburura hadi ukingoni, bibi kizee akimtukana njia nzima kwa jina lake la utotoni.

Maji hayakuja kama maji. Yalikuja kama ukuta wa kahawia, vumbi mbele, povu nyuma yake, magogo na mawe yakigongana ndani. Na jua linawaka vilevile. Ngiri akasombwa, akatupwa mbali matopeni, na hadi leo hula amepiga magoti, anaomba radhi. Fisi alikuwa ameshatoka, akarudia mfupa uliobaki matangani. Mto akamdaka miguu ya nyuma. Aling'ang'ania mzizi wa mgunga, akatoka hai, lakini mwangalieni matako yake yalivyoshuka.

Mto akauliza, "Nani alinililia?"

"Mimi, mwanangu," akasema yule ajuza. "Kidogo."

"Nani alinirithi?"

Fisi akajificha nyuma ya mgunga.

"Sikufa. Nilisafiri. Nataka njia yangu."

Akapita siku tatu, akaondoka tena. Bibi kizee akashusha mguu, akaugusa mchanga. "Mwanangu, safari hii mchanga umekuwa laini zaidi. Turudi?"

Punda akalia tu. Ndiyo maana hadi leo punda hulia ghafla, mchana kweupe, bila kuulizwa. Mwacheni. Anajua anachosema.

Mchanga mkavu si mchanga wa bure. Ukitaka kujua usalama wako, usitazame mbingu yako, tazama ya jirani wa juu.

Mto una nini?
Una mwenyewe!

Ngano nimeitua, anayeiweza aibebe. Sasa wewe hapo: nilitoka nje kidogo tu. Sikufa. Inuka, nipe kigoda changu.