Kanga na Fimbo za Kupura Mahindi

Paukwa!

Pakawa!

Aka, mnajibu kama mmeshiba kiporo! Paukwa!

PAKAWA!

Ehee! Hapo zamani za kale, Bi Ngiri alivuna mahindi. Mengi! Yalijaa uani mpaka mlango haufunguki. Lakini hata mwaka uliotangulia yalijaa hivyo hivyo, na bado watoto wake wanane walilala njaa kabla ya mavuno mapya. Safari hii akaapa, "Wanangu hawalali njaa tena!"

Enzi hizo mahindi yalipurwa kwa fimbo. Pu! Pu! Pu! Kanga aliongoza nyimbo. "Pigeni kwa nguvu! Zaidi! Zaidi!" Na desturi yao ilikuwa hii: punje ikiruka nje ya jamvi haiokotwi, ni ya mwimbaji. Basi fimbo pu, punje ruu, Kanga anaimba huku anadonoa. Alinenepa huyo, hata uzio haruki!

Siku ya kupura ikafika, mawingu yakatanda. Gudugudugudu! Mahindi yakilowa yataoza. Mara akaja fundi Nguchiro, mbio mbio, anasukuma gurudumu la meno lenye mpini.

"Dada, weka fimbo chini! Tia hindi hapa, zungusha!"

Kwa pupa, Bi Ngiri akatia hindi na maganda yake. Kwaa! Gurudumu likakwama.

Kanga akacheka mpaka akakaa chini. "Chuma kinajua nini habari za mahindi? Shikeni fimbo, mvua hiyo!"

"Menya kwanza, dada!" Nguchiro akasema, akichomoa maganda.

Bi Ngiri akamenya. Akatia. Akazungusha. Krrrr! Jamani! Punje zikamiminika guniani, gunzi likatoka tupu. Hakuna iliyoruka! Watoto wakapiga vigelegele, wakapokezana mpini. Krrrr! Gunia la tano. Krrrr! La kumi na mbili! Mwaka uliotangulia yalikuwa saba tu.

"Sasa mimi nitakula nini?" Kanga akaropoka.

Bi Ngiri akalitazama tumbo lile la Kanga.

"Kumbe! Wanangu wanalia njaa, kumbe wewe ndiye uliyeshiba!"

Mvua ikashuka, bwaa! Magunia yalikuwa ndani. Kanga alikuwa nje, anaparura matope akitafuta punje, na mpaka leo anaparura.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo: punje inayopotea uani ni chakula cha mtoto. Mkipata chombo cha kuiokoa, jifunzeni kukitumia. Na anayewakataza, muulizeni yeye anafaidi nini.

Hadithi yangu imekomea hapo, mwenye yake naye aitoe.