Jina Lililokaa Chini ya Mwamba

Sauti ilikuwa moja tu. Dum. Wavuvi waliopiga dago, kambi yao ya uvuvi, katika kisiwa kidogo cha Nyamkwe waliisikia kupitia mchanga waliolalia, na kulipokucha wakahesabiana, wakakuta amepungua mtu mmoja. Mtoto wa pekee wa Bi Mize alikuwa ametoka usiku na tochi kusaka kamba koche chini ya maji. Wapiga baruti, wale wanaovua kwa kulipua, walitupa chupa yao ya baruti juu ya pango alilozamia, na mwamba ukamfunga humo humo.

Jina lake silitaji. Kwao, aliyefia majini hatajwi mpaka mwili wake uguse nchi kavu, na mama yake aliishika mila hiyo mwaka mzima. Alisema "yule wangu", na watu wakaelewa. Kisha akatangaza kwamba atakayemleta, hata iwe mifupa mitupu, atarithi jina lake na kuwa mtoto wa nyumba yake. Mmoja tu, kwani jina la marehemu haligawanywi. Kabla ya jeneza kutoka mlangoni mama huliita jina mara moja, na mrithi huitika.

Walijitokeza watatu, na wote watatu walikuwa hawana mama.

Faki alikuwa na pumzi. Alizama bila mtungi wa hewa wala mpira, akakaa chini mpaka walio juu wakaanza kumsomea dua. Makame alikuwa na mikono. Nanga ya watu wanne aliipandisha peke yake, huku akipiga soga. Bikombo, mwanamke mchokoa pweza, alikuwa na macho ya maji. Alijua mkondo unalala saa ngapi na unaamka saa ngapi, na akikasirika hakuwa mtu wa kusogelewa.

Kwa siku tisa walipanga safari jikoni kwa Bikombo. Walipanga kamba, maana pango lilikuwa pima kumi na tatu kwenda chini. Walipanga jiwe la kumshusha Faki haraka, asiimalize pumzi njiani. Walipanga mfuko wa bafta, na huo Bi Mize aliushona mwenyewe, mshono mdogo mdogo, kama nguo ya mtoto. Faki alitaka waondoke wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Bikombo akamwambia bamvua itamfikisha bara bila nauli. Wakachagua maji mafu, mkondo unapochoka. Makame akamuuliza Faki, akizimia huko chini, wamvute au wamwache ajifunze. Faki akajibu kwamba akichelewa, waile na mihogo yake. Walicheka.

Ilibaki kuchagua siku. Wapiga baruti walikuwa bado wanazunguka Nyamkwe, na walikwisha kuapa kwamba mpiga mbizi watakayemkuta pale atamfuata yule wa kwanza. Bikombo akasema waende Ijumaa asubuhi. Pwani yao yote hakuna aliyevua Ijumaa kabla ya sala. Hata wezi wa madema ya samaki hukaa nyumbani. Wote wakaafiki. Hakuna aliyejiuliza kama mtu anayelipua watu huiheshimu Ijumaa, au huipenda kwa sababu siku hiyo bahari haina shahidi.

Ijumaa wakafika na mtumbwi wao, bahari nyeupe, kimya.

Faki alizama. Jiwe lilimshusha, akajipenyeza kwenye ufa wa mwamba, akaingia pangoni mikono mbele, akagusa mkanda wa kuzamia, kisha mbavu. Alijaza mfuko kipande kwa kipande. Alikuwa anaufunga kwenye kamba, ndipo baruti ya kwanza ilipolipuka. Maji yalimpiga kama ukuta unaoanguka. Ngoma za masikio yote mawili zilipasuka, damu ikamtoka puani na mdomoni. Vidole vyake vilimaliza fundo, vikamzungushia kamba kifundo cha mkono. Ndipo akapoteza fahamu.

Makame, juu mtumbwini, alishika. Boti ya wapiga baruti iligonga ubavu wa mtumbwi, watu wawili ndani yake, na mmoja akaruka na panga, akamwamuru aiachie kamba.

"Kamba hii ina watu," alisema Makame. "Wawili."

Panga likashuka. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaanguka majini. Aliizungusha kamba kwenye kiwiko, akavuta. Panga likamfungua bega. Akavuta. Alimpiga yule mtu kichwa cha uso mpaka pua ikavunjika, mtu akayumba, akarudi kwenye boti yake. Makame akavuta, kamba ikiteleza kwa damu, mpaka kichwa cha Faki kikatokea, na nyuma yake mfuko mweupe.

Bikombo alipiga. Alikuwa ameruka majini baada ya mlipuko ili ampokee Faki, alipomwona yule wa pili amewasha chupa nyingine kuutupia mtumbwi. Alipita chini ya boti, akaibukia upande wa pili, akamchoma mkono kwa chuma chake cha kuchokolea pweza. Chupa ilidondoka miguuni mwao wawili. Ulikuwapo muda wa kuwaambia waruke. Aliwatazama machoni na hakusema. Akarudi chini, akausukuma mtumbwi kwa nguvu zake zote, akaupanda. Boti ikapasuka nyuma yake, na wale watu wakaanguka baharini vipande vipande.

Ndani ya mtumbwi Faki alitapika maji, akapumua. Njiani ugomvi ukaanza.

"Mfuko bila kamba ungekuwa wapi saa hii?" aliuliza Makame.

"Na kamba bila mimi?" alisema Bikombo. "Mngeliwa na samaki, wewe na kamba yako."

Makame akamkumbusha kwamba Ijumaa ilikuwa shauri lake. Bikombo akamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyeisifu zaidi. Faki hakusikia kitu. Aliuwekea mfuko mkono, na hakuuondoa mpaka pwani.

Kijijini kila mtu alikuwa na la kusema. Wengine walisema mtoto ni wa aliyemtoa pangoni, basi, maneno yamekwisha. Wengine wakasema Faki alitoa damu ya ndani ambayo haionekani, lakini Makame ametoa vidole, na vidole havioti. Kuhusu Bikombo walinong'ona. Aliyeua anaingiaje nyumba ya matanga akawa mtoto wake? Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti: kama si yeye, leo tungezika wangapi?

Bi Mize aliwapita wote. Aliipokea mifupa, akaiosha kwa mikono yake, akaikunja katika sanda. Jeneza likainuliwa. Mlangoni aliwasimamisha wabebaji, akaweka kiganja juu ya kitambaa. Kisha, baada ya mwaka mzima, akafungua mdomo.

"Shaame," aliita.

Makame, mkono umefungwa kanga, akasema, "Naam."

Bikombo, uso chini, akasema, "Abee."

Faki hakusikia neno, ila aliiona midomo ya mama, naye akasema, "Labeka."

Bi Mize bado hajageuka. Wewe uliyesikiliza mpaka hapa, mwambie: amgeukie nani?