Nembo Kichwani

Kampuni yangu ilikuwa na wafanyakazi watatu na viti viwili, nami nilijiona bosi wa mabosi. Nikatangaza kwamba anayetaka kazi kwangu atanyolewa nembo ya kampuni kichwani, mbele ya kamera, ili mtandao mzima utuone.

Walikuja tisa. Wanane waliinamisha vichwa, maana kazi mjini hakuna. Wa tisa, Mwanahija, aliuliza, "Bosi, nembo yenyewe ikoje?"

Nikamwonyesha kwenye kompyuta.

"Hapo imelala bapa. Kichwani itakaaje? Tusije tukakuaibisha."

"Itakaa vizuri tu."

"Basi ianze kichwani kwako, nasi tuige."

Kamera zilikuwa zinarekodi, ningekataaje? Nikakaa. Mwanahija akatoa mashine ya kunyolea mkobani, akaninyoa, akanipiga picha.

"Haya, zamu yenu," nikasema.

"Mimi kazi ninayo, bosi. Nina saluni nyuma ya soko."

Wale wanane wakatoka naye wakicheka. Kesho yake nilikuta picha yangu mlangoni mwa saluni, chini imeandikwa: "Hata hiki tunarekebisha." Nilipoingia, Mwanahija alinipa fomu nieleze kwa nini nastahili kunyolewa.