Neno la Siri la Mkuu wa Chuo

Mwaka ule mvua iligoma kabisa, majani yakakauka hadi mizizini, na mahali pekee palipopikwa kila siku pakawa Chuo cha Wanyama. Waliokula ni waliokuwamo kwenye orodha, na orodha ilitunzwa katika kompyuta.

Sungura, fundi wa mtandao wa chuo, hakuwa na raha. Alimwendea Simba, Mkuu wa Chuo, akaomba ruhusa ya kujaribu kuuvamia mtandao wao wenyewe, ajue penye upenyo kabla mwizi hajapajua. Tena wanyama wote wafundishwe kulinda maneno yao ya siri.

Simba alicheka mpaka manyoya ya shingo yakatikisika. "Nani atathubutu kuniibia mimi?"

Sungura akainama, akaondoka. Hoja nzito kama hiyo haijibiki.

Wiki hiyo hiyo Simba alipata barua pepe: ameteuliwa kuwa Mnyama Mtukufu wa Karne, athibitishe kwa kuandika neno lake la siri. Akaliandika upesi, kisha akalirudia, asije Tembo akamtangulia.

Kesho yake mwanafunzi Swala alifukuzwa jikoni. Jina lake halimo kwenye orodha. Walikuwamo wanafunzi kumi na wanne wasiojulikana, wote wagonjwa, wote wamemtuma mwanafunzi Fisi awachukulie sahani. Fisi ana huruma sana.

Siku ya tatu Swala alizirai darasani. Simba akamwambia Sungura amlete mwizi kabla ya Ijumaa, la sivyo afungashe virago. Sungura aliumia moyoni, lakini alipochunguza akaona mlango ulifunguliwa kwa neno la siri la nani. Akatega mtandaoni jalada lisilofunguka ila kwa neno hilo, akaliita "Mifupa ya Akiba ya Mkuu", na anayelifungua ajaze jina na chumba apelekewe.

Fisi alijaza vyote, akaongeza ombi kwamba yenye uboho itangulie.

Akafukuzwa chuoni mbele ya wote, na Swala akarudishiwa sahani yake. Simba akamwita Sungura faragha.

"Huyu mwizi aliingiaje?"

"Kwa neno lako la siri, Mheshimiwa. Ulimwandikia mwenyewe, mara mbili."

Simba akakohoa. Akauliza kama kuna haja ya wengine kujua.

"Hakuna, Mheshimiwa, mradi mtandao ujaribiwe kila muhula, na mafunzo yaanze na wakubwa."

Sungura akamsogezea karatasi ya makubaliano hayo, Simba akatia sahihi bila kusoma. Kikulacho ki nguoni mwako.