Muuguzi Aliyegawa Jibu la Mwenzake

Ndugu zangu, nianze na yale ambayo hakuna shahidi aliyeyapinga. Kulikuwa na orodha ya barua pepe ya wauguzi na wakuu wao, watu mia nne wa wilaya mbalimbali. Desturi yao ilikuwa hii: mwenye swali huliuliza mbele ya wote, hujibiwa faraghani, kisha huyakusanya majibu na kuwagawia wote kwa faida ya kazi. Desturi njema.

Muuguzi mmoja wa zahanati akauliza: umeme ulikatika siku mbili, jokofu la chanjo likapata joto, je, chanjo zile bado zinafaa? Mama mmoja, muuguzi mkongwe wa kituo kingine, akamwandikia yeye peke yake: "Mdogo wangu, usizitumie. Mwaka juzi mimi nilitumia za namna hiyo. Ilinibidi niwarudie watoto nyumba kwa nyumba kuwachanja upya, na mkuu wangu sikumwambia."

Siku ya tatu jibu hilo likawafikia watu mia nne, likiwa na jina la aliyeliandika. Mganga mkuu wa wilaya ya mama huyo alikuwa mmoja wao. Kufikia Ijumaa mama yule alikuwa amesimamishwa kazi.

Akampigia simu mwenzake. "Mdogo wangu, nimekukosea nini?"

"Jamani dada! Mbona nilikushukuru kabisa, tena kwa jina?"

"Kwa jina! Nani alikuomba shukrani? Nilikuandikia wewe."

"Si ndiyo desturi yetu, dada? Nami nisingethubutu kuchezea maneno ya mtu mzima. Nimeyaweka kama yalivyo, hata nukta sikugusa."

Utetezi huo mnauonaje? Mimi naupa uzito wake. Ni kweli majibu yalipaswa kugawiwa. Ni kweli pia kwamba mama yule alificha kosa, na kuficha kule sikutetei. Wala sisemi mwenzake alidhamiria kumwangusha. Ushahidi haufiki huko.

Lakini kamati ya nidhamu iliziomba barua zote mbili, ile ya faragha na ile iliyogawiwa, ikaziweka sambamba. Ile ya faragha ilikuwa na mstari huu pia: "Kuhusu wale watoto wanne ulioniambia kwa siri kwamba umeshawachanja, waite leo hii." Katika nakala ya watu mia nne, mstari huo haukuwamo.

Kumbe kufuta alijua! Alijua lipi ni la wote na lipi ni la watu wawili. Akakata palipomhusu yeye, jina la mwenzake akaliacha. Kuuliza tu, "Dada, naruhusiwa?" kulimshinda.

Na sisi? Sisi tunaopokea siri ya ndugu kwenye simu zetu, tukaisambaza kwa jumuiya nzima eti aombewe: ya kwetu huwa tunayaacha ndani ya ujumbe huo? Tuna ujasiri gani wa kuuita huo upendo?

Barua zote mbili nimeziweka mbele yenu. Yule muuguzi aliyeligawa jibu alikuwa mwaminifu, au alikuwa nani? Amueni ninyi, na kabla hamjaamua, kila mmoja afungue simu yake, asome alichokisambaza asubuhi hii.