Mabingobingo ya Shemweta

Hadithi, hadithi!
— Ije!
Ije na nini?
— Na uongo wake, tucheke!
Uongo mimi siujui. Naongeza chumvi tu.

Hapo kale, milimani Usambara, alikuwepo Shemweta, na mkewe Mnkande, na mtoto wao Kiondo, na ng'ombe wao Kidosho aliyekuwa na ndama mchanga. Shemweta akapanda mabingobingo, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe. Udongo ule, jamani! Unachomeka kipande jioni, asubuhi kinakuuliza umelalaje.

Majani yakafika kiunoni.
Mnkande akasema, "Baba Kiondo, kata, ng'ombe ale."
"Bado. Ya jirani yananizidi."

Yakafika kichwani.
"Baba Kiondo, kata, maziwa yanapungua."
"Bado. Watu wanakuja kutazama."

Yakapita paa. Ndege akitaga kule juu, yai linaanguliwa kabla halijafika chini. Mnabisha? Nani alikuwepo, nyie au mimi?
"Baba Kiondo, kata! Ndama anakufa!"
"Bado!"

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Watu wanasifu majani, Kidosho anatafuna maganda makavu ya migomba. Ndama akivuta chuchu, hapati kitu.

Mnkande hakugomba tena. Bustanini alikuwa na mchicha uliosahaulika, umefika begani, umetoa mbegu. Akaupika na mashina yake. Akamwandalia mume.

Shemweta akatafuna. Akatafuna. Akatafuna mpaka taya zikalia.
"Mke wangu, umenipikia kuni?"
"Mchicha huo, baba. Mrefu kuliko wote kijijini. Kila apitaye anausifu."

Shemweta akainuka. Bandani, Kidosho akalia.

Akachukua panga, akaiangusha fahari yake yote. Kidosho akayanusa mabua, akageuza uso. Hapo mwanamume akatoa machozi.
"Nimechelewa, Mama Kiondo."
"Umebakiza visiki?"
"Vya kiganja kimoja."
"Basi hujachelewa. Tia samadi."

Mnkande akachambua ncha laini za juu, Kidosho akala hizo, siku zikasogea. Mvua ikanyesha, visiki vikachipua. Majani yakafika kiunoni, Shemweta akakata. Yakachipua, akakata. Yakachipua, akakata.

Hakuna aliyekuja kutazama tena. Alikuja ndama tu, mdomo umejaa povu la maziwa, akalifutia kwenye goti la Shemweta.

Nami hadithi naikata hapa, nimebakiza kisiki cha kiganja. Anayetaka ichipue, akaitilie samadi kwake.