Cheni Aliyoiacha Hermani

Wahenga waliosema "kawia ufike" hawakuwasifu wavivu. Walimwonya msafiri kwamba siku iliyotumika kujiandaa husameheka, lakini safari iliyokatikia porini humwacha mtu hana alikotoka wala aendako. Philomena wa Masakta alikuwa akiyasikia maneno hayo tangu utoto. Aliyaelewa utu uzimani, mwaka ule mabasi yalipokosa dizeli.

Philomena alikuwa mjane. Mumewe, Hermani, alikuwa fundi wa kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Alipofariki alimwachia nyumba ya bati, ng'ombe wawili, pikipiki nyekundu, na watoto wawili: Theodory, ambaye sasa alikuwa dereva wa trekta shambani huko huko, na Fabiola, aliyekwenda utawani ng'ambo ya mlima Sekenke, karibu na Nzega. Tangu Fabiola aondoke, ngano ilikuwa imevunwa mara sita. Mama yake hakuhesabu kwa kalenda. Kila kombaini zilipoingia uwandani na vumbi likapanda kama moshi wa nyika inayoungua, alijisemea moyoni, "Umekwisha mwaka mwingine." Kikombe cha bati cha binti huyo kilining'inia msumarini. Alikiosha kila Jumamosi, ingawa hapakuwa na aliyekinywea.

Kisha ikaja barua. Fabiola angeweka nadhiri Jumamosi ya pili ya Septemba. "Mama," aliandika, "siku hiyo kila mzazi humwashia binti yake mshumaa. Njoo uniwashie wangu."

Philomena aliisoma barua ile mpaka mikunjo yake ikaanza kuchanika.

Theodory alipata likizo na kibali cha petroli. Akaitoa pikipiki ya marehemu baba yake stoo, akaifuta vumbi, akajaza upepo, akabadilisha oili. Mwisho akakaza cheni mpaka haikucheza hata kidogo.

"Baba, hujaikaza mno?" aliuliza Philomena, aliyekuwa amesimama mlangoni akimtazama.

"Mama, kwenye kombaini cheni iliyolegea ni ajali. Hii hata nzi akitua italia kama zeze."

Philomena akarudi kwenye mizigo. Mikono yake ilikuwa ikifunga gunia la maharage na kibuyu cha asali, na moyo wake ulikuwa umeshafika Nzega.

Waliondoka Jumanne. Kabla hawajaiona Singida, barabara ilipojaa makorongo, kilisikika kishindo kama cha kuni kavu inayovunjwa gotini. Injini ikanguruma, pikipiki isisogee. Cheni ilikuwa imekatika na kujikunja kama nyoka aliyepigwa. Walilala kwa wasamaria wema kando ya barabara, na Jumatano asubuhi lori lililokuwa likirudi kuchukua ngano likawarudisha Masakta, mama na mwana wamekaa juu ya magunia matupu.

Siku hiyo hiyo waliisukuma pikipiki hadi kwa mzee Margwe, aliyefanya kazi na Hermani miaka mingi.

"Shikamoo, mzee," alisema Theodory.

"Marahaba. Nani alikaza cheni hii?"

"Ni mimi."

"Ulikaza ikiwa tupu, haina mtu juu?"

"Ndiyo, mzee."

Margwe alicheka puani. "Kombaini haimbebi mama yake mgongoni, kijana. Pikipiki ikipakia watu, gurudumu la nyuma hupanda na cheni hujivuta. Ukiinyima nafasi ya kupumua, inakatika. Baba yako angekuchapa kwa spana." Akamgeukia Philomena. "Shemeji, ile cheni ya zamani, aliyoivua Hermani alipofunga hii mpya, aliitupa?"

Philomena alikwenda nyumbani, akarudi na kopo la samli lililojaa oili chafu. Ndani yake cheni ya zamani ilikuwa imelala miaka yote hiyo, haina doa la kutu. Alipolifungua, harufu ikampanda puani, ikawa kama Hermani ameingia kutoka kazini na bado hajanawa. Akageuza uso upande.

"Nzuri kuliko ile mpya," alisema Margwe. "Nipeni siku mbili. Kesho nifungue magurudumu, nitie grisi, nichonge meno ya gia yaliyoliwa, maana bila hivyo cheni hii haitakaa. Ijumaa mwende nayo Katesh na kurudi, mkiwa na mzigo, halafu nikaze nati zote upya. Ndivyo tulivyofanya kwa kombaini, haiingii shambani kabla ya kujaribiwa."

Theodory akaruka. "Mzee, misa ni Jumamosi! Iunge ile iliyokatika kwa waya, tuondoke kesho alfajiri. Ijumaa jioni tumefika."

"Waya naweza kufunga hata sasa hivi. Mwenye safari ni mama yako, aseme yeye."

"Waya utatufikisha?" aliuliza Philomena.

"Huenda. Huenda pia ukawaacha Sekenke, na huko hakuna lori la kuwarudisha."

Philomena aliikunja barua, akaikunja tena. Alimwona Fabiola akiwa mbele ya altare, akitazama mlangoni.

"Fanya kazi yote, fundi," alisema polepole.

"Mama, tutafika watu wanaosha sahani," alisema Theodory.

"Basi nitaosha nao."

Ijumaa walikwenda Katesh na kurudi. Margwe alipiga magoti, akaigusa nati ya gurudumu la nyuma, ikazunguka kwa vidole viwili tu. Alimpa Theodory spana, na Theodory akaikaza mwenyewe, macho yakiwa chini.

Jumamosi alfajiri waliondoka. Ilipofika saa nne, wakiwa wameipita Singida, Philomena alimgusa mwanawe begani.

"Simama, baba. Sasa hivi wanaingia kanisani."

Akashuka, akapiga magoti kwenye kokoto, akasali rozari peke yake huku upepo ukimpeperusha kanga. Theodory alivua kofia, akasimama kando. Hakumwambia tena afanye haraka.

Sekenke waliivuka taratibu, cheni ikiimba wimbo wake ule ule. Jumapili saa nane mchana wakaingia katika uwanja wa konventi, wamejaa vumbi, maharage na asali vikiwa salama.

Nyuma ya jiko masista walikuwa wakiosha sahani. Mmoja aligeuka, mikono ina povu, shela mpya kichwani. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimechelewa."

Fabiola alifuta mikono, akamshika mama yake mkono na kumwongoza kanisani. Kando ya altare mishumaa kumi na mmoja ilikuwa imeungua mpaka kubaki vipande. Wa kumi na mbili ulisimama mzima, utambi wake mweupe.

"Walitaka msimamizi wangu aniwashie," alisema Fabiola. "Nikawaambia, mwenye kuuwasha yuko njiani."

Theodory alitoa kiberiti mfukoni, akampa mama yake kwa mikono miwili. Njiti ya kwanza ikazimika, ya pili ikashika, na mwanga ukawaangukia nyuso wote watatu.

Ama kweli, kawia ufike.